Mlio wa Kabatini na Mlima Kahuzi

KITUO CHA POLISI, KARIBU NA GARE DU MIDI, BRUSSELS
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mathilde Nabintu
Umri: Miaka arobaini na mbili
Mahali pa kuzaliwa: Bukavu, Zaïre
Kazi: Mshonaji, mwenye duka dogo Matonge, hatua chache kutoka Porte de Namur
Makazi: Forest, Brussels
Lugha: Kiswahili
Mkalimani: Omer Vandersteen, mstaafu, mkazi wa Forest
Afisa: Inspekta Pieter-Jan Maes
Tarehe: Jumapili, 10 Septemba 1995, alasiri

Maneno yameandikwa na mkalimani kama shahidi alivyoyatamka, na kutafsiriwa kwa afisa papo hapo.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeambiwa niseme kweli tupu, na nitaisema. Lakini kabla sijaanza naomba jambo moja liandikwe kwa herufi kubwa: kile kitu kinacholia ndani ya kabati la koridoo SI BOMU. Mabwana wa mabomu wamekwisha kukipima, wakacheka, wakaenda zao. Sasa Inspekta anasema kile kilio kinamuumiza kichwa, na ameshika bisibisi ili akakitoe betri. Bon. Papa Omer, mwambie aweke hiyo bisibisi mezani. Siendelei mpaka aiweke.

(Mkalimani: Ameiweka.)

Aksanti. Donc, ile ni fusée, roketi ya kurushwa juu kwa furaha tu, si ya vita. Aliyeiunda ni bwana wangu, Anaclet Bisimwa, yule mliyemkalisha chumba cha pili na mnayesema ni mkaidi. Si mkaidi. Hajibu maswali yenu kwa sababu hasikii. Ana pamba masikioni, na hataitoa maadamu kile kitu kinalia. Ni kwa nini, nitaeleza.

Ndani ya roketi kuna kidude kadiri ya kiberiti, kinachopima kimo. Roketi ikishatua, kidude kinaanza kulia. Kinalia tarakimu ya kwanza, tano ni milio mitano, kinanyamaza kidogo, kinalia ya pili, hivyo hivyo mpaka zitimie nne. Hizo ndizo mita roketi ilizopanda. Kisha kinaanza upya. Chenyewe hakichoki, kinachochoka ni betri, na betri ikifa namba imekufa nayo, haipatikani popote tena. Kinalia tangu jana mchana. Sasa mnaelewa kwa nini sijanywa hata hii kahawa yenu.

Anaclet ni muntu wa Miti, kijiji kilicho chini ya mlima Kahuzi, upande wa kwetu Bukavu. Hapa Brussels anafunga mabomba ya hewa kwenye majumba ya ofisi. Miaka ya kwanza tulipofika alikuwa anatembea akiangalia chini, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Kazi, nyumba, kulala. Namuuliza, "Papa, uko na nini?" Ananijibu, "Hakuna kitu." Ile "hakuna kitu" ya wanaume, wanawake wote wanaijua.

Kisha mzee mmoja jirani yetu wa Forest akamchukua siku moja kumwonyesha klabu yake ya roketi. Jina la mzee nitalitaja kwa wakati wake. Ni Mbelgiji aliyefanya kazi ya kupima hewa Bukavu zamani za ukoloni, akirusha maputo. Kiswahili anakisikia chote, lakini mdomoni zimebaki amri tu: leta, weka, ngoja, kamata! Ukimkaribisha chakula anakwambia "Leta!" Tumemzoea, tunampenda.

(Mkalimani: Shahidi anazidisha.)

Sizidishi. Andika. Siku ile Anaclet alirudi na udongo kwenye viatu na shingo inamuuma kwa kutazama juu. Alikula sahani mbili za sombe, yale majani ya muhogo, akaanza kunieleza moshi, mwendo, upepo, mpaka sahani zikakauka mezani. Nilikaa pale namsikiliza na machozi yananitoka, nikajifanya ni pilipili. Nilikuwa nimerudishiwa mume wangu.

Tangu hapo nyumba yetu haina nafasi ya kuweka kikombe. Mapezi ya roketi yako juu ya televizyo. Gundi iko kwenye friji, kando ya samaki. Marafiki zetu wa Matonge wanamwita Papa Fusée, wakimwona wanahesabu kinyumenyume, tano, nne, tatu, mpaka wateja wa kinyozi wanashika mbavu. Yeye anacheka nao. Mimi nilinung'unika wiki mbili, halafu nikaona mshono wa parashuti waliyokuwa wanatumia. Ee Mungu wangu! Mshono ule hata gunia la mkaa lingeukataa. Nikasema, "Wapisheni wenye kazi."

Parashuti niliishona kwa vitambaa vya miavuli. Mnajua Brussels: siku ya upepo mkali, kwenye mlango wa metro ya Porte de Namur, watu wanatupa miavuli iliyovunjika hata kumi. Nilikuwa naipitia asubuhi na mkasi, nachuna kitambaa, naacha vyuma. Nyeusi, nyekundu, yenye maua, ya tangazo la benki, yote nimeiunga kwa mshono wa kukunja mara mbili, kama wa suruali ya jean. Pembeni nimetia ukingo wa kitenge cha rangi ya machungwa, kile cha jubilei ya kwaya yetu, ili ionekane mbali. Wenzangu wa kwaya wakanisema, "Maman Mathilde, umekata uniforme!" Nikawaambia kwaya yetu ndiyo pekee ya Brussels iliyofika mawinguni.

Pua ya roketi pia ni mkono wangu. Watu wanadhani ukitaka roketi ipande sana uifanye nyepesi. Hapana. Tupa unyoya, tupa jiwe, uone kipi kinakwenda mbali. Lakini ukizidisha uzito nao, mota inachoka. Anaclet alikuwa na mizani na hesabu zake, mimi nina kopo la vifungo vya chuma vya makoti. Tukaketi jikoni: natia kifungo kimoja puani, anapima, anasema "bado", natia kingine, "bado", mpaka akasema "hapo!" Tukavimwagia gundi humo humo. Bomba lenyewe ni jembamba, mota inaingia tu, hapabaki nafasi ya kupitisha unywele. Mimi nililisugua kwa msasa na maji, kisha kwa nta ya sakafu, mpaka likawa linateleza mkononi. Donc mabwana wa mabomu walipoona kwenye picha yao vyuma vidogo vidogo vimejaa kichwani, na wakashtuka, vile ni vifungo vyangu. Bei yake ni ile ya dukani, wakitaka.

Sasa jambo lenyewe. Anaclet hakutaka kumshinda mtu yeyote. Alitaka kuupita Kahuzi. Ule mlima una mita trois mille trois cent huit, elfu tatu mia tatu na nane. Mzee wa klabu alimwambia, "Kahuzi wanaupima kutoka baharini, na uwanja wetu uko juu ya bahari, unaweza kuongeza hizo mita." Anaclet akakataa. "Nitahesabu kutoka kwenye majani ninayoyakanyaga," akasema, "nisije nikaambiwa nilisimama juu ya kiti."

Alimwambia hivyo kaka yake Séraphin, aliyebaki Miti. Hao wawili wanatumiana kaseti, maana Séraphin hapendi kuandika. Kaseti ikarudi. Kwanza jogoo, kisha Séraphin anacheka mpaka anakohoa. "Mudogo wangu," anasema, "karatasi ya Wazungu mimi sitaamini. Kama hiyo kitu inalia, unitumie ile sauti, nihesabu mwenyewe huku naangalia mulima." Anaclet aliirudia ile kaseti mara nyingi. Nilimwona anavyoisikiliza. Miaka tisa hawajaonana, wale.

Mnamo tarehe 9 Septemba 1995, siku ya Jumamosi, tulikuwa Ardennes, kwenye uwanja wa mazoezi wa jeshi ambao klabu imepewa ruhusa, karatasi zote ziko kwenye mfuko wangu. Mzee wetu hakuwepo. Alikuwa amevunjika mguu kwa kupanda ngazi kuchuma peasi, katika umri ule, na tulimkataza. Mchana mawingu yakafunguka. Wakahesabu. Roketi ikaondoka kwenye reli yake ya kurushia kwa kishindo, nikaona mstari mweupe, kisha sikuona kitu. Anga tupu. Watu wazima wote pale walikuwa wamefungua midomo, na mimi napiga vigelegele peke yangu mpaka askari wa zamu akaja kuangalia. Baadaye sana mmoja akapaza sauti, "Kule!" Parashuti yangu ilikuwa nukta ndogo, na upepo wa juu unaichukua kuelekea misitu. Ilifunguka, jamani. Hakuna mshono ulioachia.

Tuliitafuta mpaka giza. Wenzetu wakatupa pole kama watu wa msiba, wakapanda magari yao wakarudi mjini. Anaclet akasema haondoki. Nami nikasema siachi parashuti yangu porini. Mama mmoja mwenye shamba akatulaza jikoni kwake, akatupa na supu.

Leo asubuhi, ukungu ulipoondoka, nikaona rangi ya machungwa juu ya msonobari. Tukakimbia. Ghafla Anaclet akageuka, akaanza kukimbia kurudi tulikotoka, mikono masikioni, anapiga kelele, "Mathilde, leta pamba! Leta pamba mbio! Nimesikia moja, sitaki zaidi!"

Hapa ndipo penye kiini cha kesi yenu, Inspekta, kwa hiyo sikiliza vizuri. Klabu ina sheria moja isiyo na mjadala: masikio ya mwenyewe hayahesabu. Aliyeunda roketi haruhusiwi kuuhesabu mlio kabla ya mwamuzi, wala mke wake. Zamani walikuwa wanajihesabia, na kila mmoja anasikia mlio mmoja wa ziada. Si uongo, ni hamu. Sasa mwamuzi anahesabu, na mgeni asiye wa klabu anahesabu kivyake, wakilingana imekwisha. Ukishajihesabia, roketi yako haina kimo. Ni kama haikuruka.

Mimi nina pamba ya mabega ya makoti siku zote kwenye mkoba. Nikamziba Anaclet masikio yote mawili. Mimi mwenyewe nikapanda ngazi ya yule mama huku naimba nyimbo za kwaya kwa nguvu zangu zote, nisije nikahesabu. Jaribuni ninyi kufungua kamba za parashuti juu ya mti huku mnaimba sauti ya tatu.

Tukaifunga roketi ndani ya vitenge viwili, kama mkeka, tukapanda treni kuja Brussels. Mpango ulikuwa kuchukua tramu moja kwa moja mpaka Forest, kwa mzee, maana mwamuzi wa klabu ni yeye. Ndani ya treni tuliimba. Anaclet, kwa kuwa hajisikii, aliimba vibaya sana. Mama mmoja alihama kiti. Kijana mmoja alituchekea, kisha akausikia ule mlio kwenye kitenge, akahama na yeye.

Tulifika Gare du Midi soko la Jumapili likiwa linafungwa, watu wamejaa na vikapu vyao. Siwalaumu polisi. Tangu yale mabomu ya Paris ya kiangazi hiki kila mtu ana hofu, nami nina hofu. Waliona mwanamume mweusi, mrefu, anatembea haraka, amebeba bomba linalolia, anaimba. Walimwita. Hakusikia. Walipiga filimbi. Hakusikia. Nikapiga kelele mimi, "Anaclet, simama!" na sauti yangu inatoka ghorofa ya nne mpaka kwa muuza mkate, lakini ile pamba ni ya ubora wa juu, naiuza mwenyewe.

Polisi wawili wakamrukia. Akaangukia makreti ya saladi. Lakini mliona alivyoanguka? Amelala chali ndani ya majani, na roketi ameiinua juu kwa mikono miwili, kama padri anavyoinua kikombe. Haikugusa chini. Nilijaa hofu na fahari kwa wakati mmoja, nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia, na hicho kicheko kimeandikwa kwenye ripoti kuwa ni dharau. Si dharau. Nampenda yule mtu.

Mkatuleta hapa. Mkafunga roketi kabatini mpaka Jumatatu, mkubwa wenu aje. Jumatatu! Nilisikia mlio kupitia mlango. Asubuhi ulikuwa filimbi, mchana ulikuwa umeshuka, na Anaclet yuko chumba kingine ananitazama kupitia kioo, ananiuliza kwa macho. Nikamwonyesha kwa mkono: tulia.

Alors, Inspekta ukaniuliza kama nasema Kifaransa. Nikajibu, "Non. Swahili." Ukaniambia Jumapili hii hamna mkalimani wa Kiswahili. Nikakuambia namjua mmoja, mzee, mtu wa heshima, anakaa Forest, hana gari na mguu wake uko kwenye plasta. Nikakupa namba ya simu. Ukatuma gari la polisi likamlete, tena nilisikia limekuja na king'ora.

Papa Omer, hapa utafsiri neno kwa neno, usiruke.

Nina miaka tisa nauza nguo kwa Kifaransa. Nabishana bei kwa Kifaransa, naota kwa Kifaransa siku nyingine. Na mwamuzi wa klabu ninayemsema, mwenye amri na mguu uliovunjika, ni huyu anayeandika.

(Mkalimani: Nimetafsiri. Inspekta amenitazama. Ameuliza kama ni kweli. Nimesema ni kweli, na kwamba mimi mwenyewe nilifahamu nilipousikia mlio kule koridoo. Inspekta amesimama. Ameketi tena. Sijui kama amekasirika.)

Inspekta, usikasirike. Kosa langu liandikwe, nitalijibu siku yoyote mtakayoniita. Lakini sikiliza sasa, sote tunyamaze kidogo. Mnausikia? Umekuwa kama kifaranga chenye baridi. Unakwisha.

Bwana wangu amekaa na pamba masikioni tangu asubuhi, mmemkamata, mmemwangusha kwenye saladi, na hakuitoa, wakati angeweza kujua kimo chake kwa dakika moja tu. Alitaka kijulikane kwa haki, kaka yake asiwe na la kusema. Mwamuzi tunaye, mmetuletea wenyewe. Mgeni asiye wa klabu anayejua kuhesabu, ni wewe. Na juu ya meza yako naona kinasa sauti chenye kaseti. Nakuomba, Papa. Nakuita Papa ingawa naweza kukuzaa. Nenda ukafungue kabati.

Hapa maneno yangu yamefika mwisho. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema, mimi ndiye niliyelazimisha watu. Sitaki kusomewa, nayajua, natia sahihi mbio mbio.

Sahihi: M. Nabintu

MAELEZO YA AFISA
(yametafsiriwa na mkalimani)

Nimepokea maelezo haya kutoka kwa shahidi mwenye akili timamu. Nimefungua kabati mbele ya mkalimani. Tulikaa tukipeana mgongo, kila mmoja na kalamu, tukaandika kwenye viganja vyetu kwa kuwa hakukuwa na muda wa kutafuta karatasi. Shahidi alibaki koridoo akiimba kama sheria ya klabu inavyotaka. Nilimwomba apunguze sauti.

Kiganja changu: 3, 4, 1, 7. Kiganja cha mkalimani: 3, 4, 1, 7.

Mzunguko uliofuata niliunasa kwenye kaseti ya ofisi. Kifaa kililia tarakimu ya mwisho mpaka mlio wa saba, kikanyamaza. Tulingoja. Hakikulia tena.

Nilikwenda mwenyewe chumba cha pili. Bwana Bisimwa alikuwa amefumba macho. Nilimtoa pamba, nikamwambia namba, mita mia moja na tisa juu ya Kahuzi. Hakuamini. Mkalimani, akiwa mlangoni na mkongojo wake, akamwambia, "Kaa. Sikiliza," tukamchezea kaseti. Alihesabu kwa vidole. Alipomaliza alinikumbatia, akamkumbatia mkalimani, akambeba mkewe hadi kwenye dawati la mapokezi. Vigelegele vya shahidi vilisikika barabarani na wapita njia wawili waliingia kuuliza nani ameolewa.

Kuhusu kutotii amri ya polisi: mhusika hakuwa na uwezo wa kusikia. Sitaendelea na shauri. Kuhusu makreti ya saladi: nimemaliza na muuza saladi. Kuhusu shahidi kudai hajui Kifaransa: ameonywa, kwa Kifaransa.

Roketi imerudishwa kwa mwenyewe. Kaseti pia ameichukua, ataituma Miti kwa Bwana Séraphin, ahesabu mwenyewe akiutazama mlima. Kwa ajili yake naeleza kwamba sauti inayosikika mwishoni ikisema "tano, sita, saba" kwa Kiswahili kibovu si sehemu ya kifaa. Ni yangu. Nilijisahau.

P.-J. Maes, Inspekta